Fedha za Maskini Ziachwe Mkononi Mwake



Miaka michache iliyopita, katika kipindi cha Kwaresima, parokia tunayoihudumia ilikusanya sadaka ya wahitaji kama ifanyavyo kila mwaka. Kiasi kilichopatikana hakikuwa haba. Halmashauri ya walei ikakaa, ikapima, ikaamua kununua mablanketi na maharagwe, kwa kuwa, kama mjumbe mmoja alivyosema na sisi sote tukaafiki bila kuuliza neno, fedha taslimu zingeishia kilabuni. Kaya arobaini zikapewa blanketi moja moja na maharagwe kilo tano. Picha zikapigwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba ulikuwa mwezi wa Februari, na kwamba katika nyanda zetu za kati mwezi huo hakuna mtu anayelia baridi.

Kabla jua halijatua, mjane mmoja alikwisha kuliuza blanketi lake kwa mchuuzi aliyekuwa akipita na baiskeli kuelekea mnadani. Habari zikatufikia usiku uleule, maana habari za namna hiyo hazilali njiani. Akaitwa mbele ya kamati, na tunakiri kwamba tulimwita kama mtuhumiwa. Mwenyekiti akamwuliza: "Mama, sadaka ya waamini umeipeleka wapi?" Naye akajibu bila hasira: "Baba, blanketi ninalo la zamani. Shamba langu la uwele limesongwa na magugu, na tangu mwezi uliopita napalilia kwa watu ili watoto wapate kula. Nimeliuza ili wiki hii nipalilie kwangu."

Kikao kikawa kimya. Katibu akaandika katika kumbukumbu kwamba suala limesikilizwa, tukaendelea na ajenda ya kukarabati paa la kigango.

Tumelirudia jambo hilo mara nyingi mioyoni mwetu, na leo tunalileta mbele yenu, kwa sababu mama yule alitufundisha somo ambalo seminari haikutufundisha. Sisi tunaopata posho, au mshahara, au hata sadaka za misa, ni vigumu kuielewa kalenda ya mkulima maskini. Na mtego wenyewe umo ndani ya kalenda hiyo. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Ghala la mnyonge huwa tupu kufikia Januari. Basi miezi ya Januari, Februari na Machi, ambayo ndiyo yenye kazi nyingi kuliko yote shambani, ndiyo hiyohiyo miezi ya njaa. Kaya isiyo na akiba hulazimika kuuza nguvu zake. Mama huamka alfajiri kwenda kufanya kibarua cha palizi katika shamba la mwenye nafasi, alipwe mahindi kidogo au shilingi elfu chache, huku shamba lake mwenyewe likimezwa na magugu. Mavuno yakifika, anavuna kidogo kwa sababu hakupalilia kwa wakati. Na kwa kuwa amevuna kidogo, Januari inayofuata inamkuta tena mlangoni mwa jirani yuleyule.

Wengine huuza mazao yangali shambani, gunia likithaminiwa kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe ataona haya kuitamka wakati wa mavuno. Wengine hukopa unga dukani na kulipa kwa masharti ya mwenye duka. Wengine humpeleka mnadani mbuzi wa mwisho siku ambayo kila mwenye njaa amepeleka mbuzi wake, na bei imeanguka. Mtu wa namna hii si mvivu. Anafanya kazi kuliko sisi sote, lakini jasho lake linanenepesha shamba la mwingine. Wahenga walisema kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tungeongeza kwamba mwenye shibe akimhurumia mwenye njaa bila kumwuliza, humnunulia blanketi mwezi wa Februari.

Shilingi elfu ishirini mkononi mwa mjane huyo katikati ya palizi ni wiki mbili za kukaa katika shamba lake. Mwezi wa Julai zingekuwa elfu ishirini tu. Hoja yetu yote katika kurasa hizi inasimama juu ya jambo hilo: kinachomkosekania maskini wa kijijini mara nyingi si akili wala bidii wala mawaidha yetu, bali ni fedha taslimu kwa wakati wake, na uhuru wa kuzitumia kama anavyoona.

Utaratibu wa kuzipa kaya maskini fedha moja kwa moja haukuanza jana. Mexico iliuanza kwa upana mwaka 1997, Brazil ikaanzisha mpango wake mkubwa mwaka 2003. Hapa Tanzania, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao sote tunaufahamu kwa jina la TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na katika awamu zake za mwanzo ulishughulika zaidi na madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2010 ulijaribu jambo jipya katika wilaya tatu za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilitafutwa vijiji 80. Kwa kura, nusu yake vikaanza kupata ruzuku ya fedha na nusu vikasubiri, ili matokeo yapate kulinganishwa. Kila baada ya miezi miwili kaya ilipokea kati ya dola 12 na 36 za Marekani kwa thamani ya shilingi, kufuatana na idadi ya watoto na wazee waliokuwamo. Baadaye, kuanzia mwaka 2012, ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliofika nchi nzima na kuzigusa kaya zaidi ya milioni moja. Katika awamu yake ya kwanza kiwango cha msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi; pamoja na nyongeza za watoto, hakuna kaya iliyoruhusiwa kuvuka 38,000. Tunazitaja hesabu hizi kwa makusudi, maana tumewasikia watu wakizungumza juu ya "mamilioni ya TASAF" kana kwamba walengwa wanajengewa maghorofa.

Je, vijiji vile vya majaribio vilifanya nini na fedha hizo? Taarifa ya watafiti iliyotolewa mwaka 2014 inaeleza mambo ambayo sisi tunaoishi karibu na watu hatukuyatambua. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani zilikata kadi ya matibabu kabla ya ugonjwa kuingia. Watoto wao wengi zaidi walimaliza darasa la saba. Ziliongeza kuku na mbuzi. Tena watoto walivaa viatu. Yafaa tutue kidogo hapo kwenye viatu, kwani tumewaona wenyewe watoto wanaobaki nyumbani siku ya baridi au ya miiba kwa kukosa kandambili, na mwalimu akaandika "mtoro". Huko Nshamba, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, ambako UKIMWI uliwaacha mabibi wakilea wajukuu wasio na baba wala mama, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi tangu mwaka 2003. Tathmini iliyofanywa mwaka 2008 ilipewa jina lililotaja vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hatujui kama mtaalamu yeyote wa mipango angeanza na chumvi. Mabibi walianza nayo.

Majirani zetu wa Kenya wamelichunguza jambo hili kwa kina zaidi. Huko Rarieda, magharibi ya nchi hiyo, kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini fedha kwa njia ya simu, nyingine kwa mkupuo mmoja, nyingine kidogokidogo kila mwezi. Waliopata kila mwezi walikula vizuri zaidi. Waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu, kama vile mabati. Waliopewa fedha walikuwa na utulivu mkubwa zaidi wa moyo kuliko wenzao. Baadaye, katika vijiji 653 vya Siaya, kaya zaidi ya 10,500 zilipewa kila moja kiasi cha dola 1,000 hivi. Watafiti hawakuishia kwa waliopewa. Walikwenda pia kwa majirani, kwa wenye maduka, kwa mafundi. Wakaona kwamba kila dola iliyoingia ilizaa katika uchumi wa eneo lile takriban dola mbili na nusu, kwa sababu mama aliyenunua bati alimpa kazi fundi, naye fundi akanunua sukari dukani. Wale waliodai kuwa fedha zingepandisha bei na kuwaumiza wasiopewa walijibiwa pia: bei zilipanda kwa kiasi kidogo mno, karibu sehemu moja ya kumi ya asilimia moja.

Tusidhani hata hivyo kwamba takwimu hunyamazisha watu. Katika vikao vyetu bado tunasikia maneno yaleyale, na ni haki kuyajibu, kwa kuwa wanaoyasema si watu wabaya.

Lisemwalo zaidi ni pombe. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia walizikusanya tafiti 19 zilizofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ili waone kama maskini wakipewa fedha huongeza ulevi na uvutaji wa tumbaku. Jibu lilikuwa la hasha. Mahali pengi matumizi hayo yalipungua. Sisi hatukushangaa sana baada ya kufikiri. Mtu hunywa kwa sababu nyingi, na kukata tamaa ni mojawapo. Wako walengwa wanaokunywa, hilo tumeliona kwa macho, na yupo baba mmoja katika kigango chetu ambaye mkewe huja kutulilia kila siku ya malipo. Lakini wako pia walimu wanaokunywa mshahara, na makarani, na (tuseme kweli) wachungaji wa roho wanaokunywa zaidi ya inavyowapasa, na hatujasikia hata siku moja mtu akipendekeza tulipwe kwa maharagwe.

Kuhusu uvivu, mipango saba ya serikali katika nchi sita imechunguzwa na haikuonekana kuwa watu waliacha kazi. Yule mjane wetu alitaka fedha ili apate kufanya kazi. Hatuna la kuongeza.

Wivu ni jambo zito zaidi, nasi hatutalipita kwa haraka. Katika kijiji ambacho karibu kila mtu ana njaa Februari, kuchagua kaya thelathini na kuziacha mia ni kupanda mbegu ya ugomvi. Tumeshuhudia ndugu wakiacha kusalimiana. Tumeshuhudia orodha ikiwa na jina la shangazi yake mjumbe na kukosa jina la kipofu anayeishi nyuma ya kanisa. Serikali yenyewe ilipofanya uhakiki mwaka 2016, kaya nyingi zisizostahili ziliondolewa katika orodha. Hata hivyo, watafiti waliorudia vile vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino waliona kwamba ruzuku iliongeza imani ya wananchi kwa viongozi wao waliowachagua, hasa pale ambapo mikutano ya kijiji ilikuwa ikifanyika mara kwa mara. Maana yake kwetu ni dhahiri: orodha iliyosomwa hadharani, jina moja baada ya jingine, mbele ya wote wenye haki ya kusema "huyu sivyo", huleta amani zaidi kuliko orodha iliyoandikwa usiku nyumbani kwa kiongozi. Huko Zanzibar walilikwepa tatizo hilo kwa njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 anastahili pensheni, tajiri kwa maskini, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Umri hauna shangazi.

Lipo pia jambo la uvumi, ambalo linatuhusu sisi watu wa dini moja kwa moja. Shirika lile la Kenya lilipoingia Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya watu waliofuatwa walizikataa fedha. Ilivumishwa kuwa ni fedha za shetani, kwamba anayepokea ameuza watoto wake. Mtu asiyeamini kwamba yupo anayeweza kumpa bila kumdai hutafuta mdai asiyeonekana. Tusiwacheke watu wa Homa Bay. Tujiulize ni mahubiri mangapi, ya madhehebu yote, yaliyowahi kuitaja fedha kwa maskini pasipo kuiambatanisha na hofu.

Sasa kuhusu masharti. Katika mpango wetu mama alitakiwa kumpeleka mtoto kliniki na kuhakikisha anahudhuria shule, la sivyo ruzuku ipunguzwe. Kwa mtazamo wa kwanza ni jambo jema, na wengi wetu tunalipenda kwa sababu linafanana na malezi. Lakini yafaa tuyaangalie yaliyotokea Zomba nchini Malawi mwaka 2008 na 2009. Wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule walihudhuria zaidi kuliko waliopewa bila sharti. Ndivyo ilivyotarajiwa. Lakini miongoni mwa wale waliopewa bila sharti, ndoa za mapema na mimba zilipungua, hasa kwa wasichana walioacha shule. Maana msichana aliyeshindwa shule, yaani yule mnyonge kuliko wote, alikuwa bado ana shilingi yake, na hakulazimika kuitafuta kwa mwanamume. Sharti lilimfaa msichana aliyeweza kulitimiza, na kumtupa asiyeweza.

Sisi tunaona kwamba sharti lina haki pale tu ambapo anayeliweka ametimiza upande wake. Kumwambia mama ampeleke mtoto kliniki, wakati zahanati iko mwendo wa saa tatu kwa miguu na mwuguzi wake amehamishwa, kisha kumkata ruzuku asipofika, ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Viongozi wa jumuiya wanaojua kesi ya namna hiyo wasiache kuileta mbele ya Tume.

Tumeyasema ya serikali na ya mashirika. Sasa tuje nyumbani, na hapa tunaomba mtuvumilie.

Siku ya malipo katika kijiji kimoja cha parokia yetu, tulipita kwa bahati tu, tukielekea kumpa mgonjwa mpako mtakatifu. Chini ya mti, mbele ya ofisi ya kijiji, walengwa walikuwa wameketi tangu asubuhi, wengi wao wanawake na wazee. Meza ya mlipaji ilikuwa moja. Lakini kando yake, kwa mpangilio mzuri kama vituo vya njia ya msalaba, tulihesabu meza nyingine nne. Mwenye duka na daftari lake la madeni. Mtu wa mchango wa ujenzi wa shule. Mtu wa mchango wa mwenge. Na ya nne, chini ya kivuli kizuri kuliko zote, alikaa mtunza hazina wa jumuiya mojawapo ya kwetu, na mbele yake kitabu cha zaka. Bibi mmoja alipokea shilingi elfu ishirini kwa mkono wa kulia. Alipofika mwisho wa meza zile alikuwa na elfu tano. Alituona, akatusalimu kwa heshima, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba," akaenda zake.

Mtunza hazina hakuwa mwizi. Kila senti aliiandika. Alitueleza, na alisema kweli, kwamba siku nyingine zote bibi yule hana kitu, na kwamba sisi wenyewe katika semina ya viongozi tulihimiza zaka ikusanywe pale waamini wanapopata. Tulihimiza, naam. Tulikuwa tukiwaza wenye zabibu na wenye ng'ombe. Lakini katika kitabu chake jina la bibi lilikuwa na deni la miaka mitatu, kama la mwenye ng'ombe.

Katika semina hizohizo sisi hufundisha kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza katika waraka wake wa mwaka 1931: yale ambayo mtu au jumuiya ndogo inaweza kuyafanya kwa uwezo wake, jumuiya kubwa isiyanyang'anye. Tunaitumia kanuni hiyo kuikosoa serikali inapoingilia shule zetu. Hatujawahi kuuliza kama inafika hadi kwenye pindo la kitenge cha mjane, mahali anapofunga fedha zake. Tukinunua blanketi kwa niaba yake, tumejiona tuna akili kuliko yeye katika mambo ya nyumba yake. Tukiweka meza ya nne, tumekwenda mbali zaidi.

Haitupasi, kwa upande mwingine, kuigeuza fedha taslimu kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kaskazini ya Uganda, mwaka 2008, vijana walipewa kwa vikundi ruzuku ya kuanzishia kazi, wastani wa dola 382 kila mmoja. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa yamewapita wenzao kwa zaidi ya theluthi moja. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi. Msaada uliwatanguliza, haukuwabeba maisha yote. Wala fedha haziwezi kuwa mwuguzi mahali pasipo na mwuguzi, au barabara wakati wa masika, au mvua. Wala mfumo wa simu hauzuii wizi: huko Kivu ya Kusini, nchini Kongo, shirika la GiveDirectly lilikiri mwaka 2023 kwamba kiasi cha dola 900,000 zilizokusudiwa kwa maskini ziliibwa kwa hila iliyowashirikisha baadhi ya wafanyakazi wake lenyewe. Katika vijiji vyetu hila ni ndogo zaidi lakini ni ya jamii ileile: bibi hana simu, laini imesajiliwa kwa jina la mjukuu, na mjukuu yuko mjini. Jumuiya ambazo zina vijana waaminifu wangeweza kuwasindikiza wazee kusajili laini zao wenyewe na kuwafundisha kuificha namba ya siri, hata kwa mjukuu, hata kwa katekista.

Baada ya kuyazungumza haya katika vikao viwili virefu, na cha pili kilikuwa kirefu na chenye maneno makali, halmashauri ya walei imekubali mambo yafuatayo, nasi tunayatangaza ili kila mmoja ayajue. Hakuna kiongozi wa jumuiya, kigango au chama cha kitume atakayepokea zaka, ada wala mchango wowote mahali pa malipo ya ruzuku, siku hiyo na siku saba baada yake. Madeni ya zaka ya walengwa wote yamefutwa katika vitabu. Watunza hazina wapige mstari, wasiandike "amesamehewa", kwa sababu halikuwa deni. Wajumbe wetu walioko katika serikali za vijiji tumewasihi wafanye vivyo hivyo kwa meza zile nyingine. Mwenye duka tutazungumza naye. Yeye ana haki yake, maana alitoa unga kweli, lakini anaweza kungoja bibi afike nyumbani kwanza.

Sadaka ya Kwaresima, kwa desturi yetu, hugawiwa baada ya Pasaka, wakati palizi imekwisha na njaa imekwisha kuuma. Kwa hiyo sadaka ya Kwaresima iliyopita haikugawiwa. Ipo benki, na taarifa yake imebandikwa mlangoni mwa kanisa kwa yeyote anayetaka kuihakiki. Itatolewa juma la pili la Januari, kwa fedha taslimu, kaya moja shilingi elfu hamsini, na hakuna atakayeulizwa amezifanyia nini. Mjumbe mmoja aliomba iandikwe kwamba yeye hakuafiki. Imeandikwa.

Orodha itasomwa hadharani katika kila kigango Jumapili mbili mfululizo kabla ya kugawa. Kamati ya kuiandaa ina watu saba, na wanne kati yao ni watu waliowahi kupokea msaada wa parokia. Mama yule wa blanketi tulimwendea nyumbani kumwomba awe mmojawapo. Alikubali, kwa sharti kwamba vikao visifanyike asubuhi wakati wa kulima. Vimepangwa Jumapili, saa tisa alasiri.